Saa ya Kwanza Ni ya Jirani: Matibabu ya Majeraha ya Asidi Kando ya Ziwa

Usiku usio na mwezi, Ziwa Tanganyika mbele ya Kazimia, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, huwaka taa. Wavuvi wa ndagaa wameingia kazini, kila chombo na taa zake za kuwavuta samaki juu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za LED, na karibu na miguu ya mvuvi, kati ya nyavu na maji yaliyovuja chomboni, kumewekwa betri. Kukipambazuka betri hubebwa begani hadi kwa mwenye paneli za sola ikachajiwe, na jioni irudi ziwani. Maji yaliyomo ndani yake yana asidi ya salfa. Betri ikiwa imejaa chaji, asidi hiyo hufikia zaidi ya theluthi moja ya uzito wa maji hayo. Wimbi likikilaza chombo upande, betri ikapinduka, aliyekalia maji hayo anaweza asisikie kitu kwa dakika kadhaa. Kisha suruali inaanza kutoboka na paja linaanza kuwaka.

Katika Fizi asidi na jamaa zake haziko mbali na mikono ya watu. Biashara ya dhahabu, kama ile inayozunguka machimbo ya Misisi, ina asidi ya nitriki, ambayo hutumika kuijaribu dhahabu na kuisafisha. Wanaopika sabuni kwa mawese hutumia soda kostiki. Hiyo si asidi bali ni kinyume chake, ila huichoma ngozi vilevile, tena kwa kina zaidi. Na wapo wanaomwagiwa kwa makusudi. Zanzibar iliyaona hayo Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alipomwagiwa tindikali akiwa mazoezini, na tena Agosti 2013, wasichana wawili wa Kiingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha walipomwagiwa katika Mji Mkongwe. Awe amemwagiwa na adui au na betri yake mwenyewe, matibabu ya mwili ni yaleyale, na yanaanza palepale alipopatwa.

Hapo ndipo penye uzito kwa mtu wa Kazimia. Wasichana wale walisafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha London. Majeruhi wa Kazimia anayepewa rufaa kwenda mji wa Baraka atapanda boti ikiwa upepo unaruhusu, au pikipiki ikiwa njia haijafungwa na matope au bunduki. Asidi haimsubiri afike. Huendelea kuua ngozi tangu inapogusa mpaka inapoondolewa, na anayeweza kuiondoa mapema ni yule aliye karibu: mvuvi mwenzake, mke wake, jirani, mwanafunzi apitaye njiani. Daktari atakuta kazi hiyo imeshafanyika, vizuri au vibaya.

Maji mengi, kwa muda mrefu

Anayesaidia ajilinde kwanza. Mifuko miwili ya plastiki ikivaliwa mikononi inatosha kama hakuna glavu. Kisha mambo mawili yafanyike kwa pamoja: maji yaanze kumiminwa, na nguo zianze kuvuliwa. Shati lenye asidi lisivuliwe kwa kupitishwa usoni. Likatwe kwa kisu au mkasi. Viatu vivuliwe, kwa kuwa asidi hujikusanya ndani yake. Pete, saa, bangili na shanga za kiunoni ziondolewe mapema, maana baada ya saa moja au mbili mwili utavimba na pete itageuka kamba ya kukaba kidole.

Maji yawe mengi, na yatiririke. Kitambaa kibichi cha kupangusia hakifai: asidi ya salfa ikikutana na maji machache hutoa joto, na kitambaa huisambaza hadi palipokuwa pazima. Maji yanayomiminwa kwa wingi huizimua asidi, hulichukua joto lake na kuiondoa mwilini. Yaelekezwe yaanguke chini, si yatiririkie kifuani au kwenye mguu mzima. Majeruhi asikalishwe ndani ya beseni, kwa sababu atakuwa anaoga asidi yake mwenyewe. Nusu saa ni kiwango cha chini. Saa nzima ni bora, hata kama maumivu yamepungua kabla ya hapo. Aliyechelewa naye aoshwe. Hata kama saa mbili zimepita, asidi inaweza kuwa bado imo kwenye nywele, kwenye kitovu, chini ya kucha na katikati ya vidole.

Wengi huuliza kuhusu maji ya ziwa. Pwani ya Fizi inajua kipindupindu, na ni kweli kwamba maji ya Tanganyika hayafai kunywewa hivihivi. Lakini kwa dakika za kwanza, maji machafu kidogo yaliyopo ni dawa kuliko maji safi yaliyoko mbali. Mvuvi aliyemwagikiwa na betri achotewe maji palepale, ndoo juu ya ndoo, au ashikwe vizuri na kuingizwa ziwani. Akifika nchi kavu aendelee kuoshwa kwa maji safi ya bomba au ya bidoni. Uchafu utashughulikiwa kituoni kwa sabuni na dawa, ila ngozi iliyokwisha kufa haifufuki.

Mtoto mdogo hupoa haraka. Sehemu iliyoungua ioshwe, na sehemu nyingine ifunikwe kwa kitenge kikavu.

Soda kostiki na chokaa vina utaratibu wao. Unga au chembe zake zikungutwe kwanza kwa kitambaa kikavu au brashi, kisha maji mengi yafuate, tena kwa muda mrefu kuliko ya asidi, kwa maana soda huyeyusha nyama na kuzama ndani. Unga wake ukilowanishwa kidogo tu juu ya ngozi, huchoma papo hapo.

Kinachofuata ni kujizuia. Majivu, chumvi, dawa ya meno, yai, mawese, oili ya injini na udongo vyote visipakwe. Baadhi hufungia asidi na joto ndani, udongo huweza kuleta pepopunda, na vyote humlazimisha muuguzi kukwangua kidonda ili akione. Wazo la kuua asidi kwa magadi au majivu linaonekana la busara, lakini asidi ikipambana na magadi juu ya ngozi hutoa joto jipya, na dakika za kutafuta magadi ni dakika za kuungua. Baada ya kuosha, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, kikavu, kisichotoa nyuzi. Malengelenge yasipasuliwe.

Jicho, koo na mapafu

Uso ukipatwa, jicho litangulie kila kitu. Majeruhi hulifumba kwa maumivu, na asidi hubaki imefungiwa ndani. Alazwe, kichwa kikiinamia upande wa jicho lililoumia, mtu mmoja alifumbue kope kwa vidole, mwingine amimine maji taratibu kuanzia kona ya puani kwenda kona ya sikioni, ili maji yenye asidi yasiingie jicho la pili. Nusu saa isipungue. Akiwa anaoshwa aambiwe aangalie juu, chini, kushoto na kulia. Maji ya kuoshea jicho yawe safi kadiri inavyowezekana, lakini yasisubiriwe. Maziwa ya mama, juisi ya majani na matone yaliyobaki nyumbani kutoka ugonjwa mwingine visitiwe. Hata kama anaona vizuri baada ya kuosha, lazima afike kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Aliyekunywa asidi, na mara nyingi huwa ni mtoto aliyekuta chupa ya maji imetiwa maji ya betri, asitapishwe. Asidi iliyounguza koo ikishuka italiunguza tena ikipanda. Asukutue kinywa na kutema, asilazimishwe kunywa maziwa wala mawese, na apelekwe hospitali upesi. Sauti kukwaruza, mate kudondoka bila kumezeka, na pumzi yenye mluzi ni dalili kwamba koo linavimba. Huyo asikae kituoni akisubiri kesho.

Asidi ya nitriki inapoila metali hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Aliyeuvuta anaweza kukohoa kidogo, akapata nafuu, akarudi kazini, kisha mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye, hata siku inayofuata. Atazamwe hospitalini kwa siku nzima angalau.

Mambo ya kumwambia muuguzi

Kituoni, familia ina kazi kubwa kuliko kusubiri kwenye benchi. Muuguzi anahitaji kujua mambo manne: ni kemikali gani, ilimpata saa ngapi, aliosha kwa muda gani, na kama amewahi kuchanjwa pepopunda. Chupa au betri yenyewe ikiweza kuletwa bila hatari, iletwe.

Saa ya tukio ina hesabu yake. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya asilimia 15 ya mwili, au mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10, hupoteza maji mengi kupitia jeraha na anahitaji dripu. Kiganja cha majeruhi pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya mwili wake, hivyo hata mtu asiye daktari anaweza kukadiria. Kanuni iliyoenea duniani ilitoka kwa daktari Charles Baxter wa Hospitali ya Parkland, Dallas, mwaka 1968: mililita 4 kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia iliyoungua, nusu yake ikiingia ndani ya saa 8 za kwanza tangu kuungua. Mvuvi wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 angehitaji mililita 4,800, na 2,400 kati ya hizo katika saa hizo 8. Ikiwa aliungua saa nane usiku akafika saa moja asubuhi, saa tano zimekwisha njiani, na nusu ile ya kwanza imebakiwa na saa tatu tu. Asiyejua saa ya tukio hawezi kupiga hesabu hiyo. Madaktari wengi sasa huanza na kiasi kidogo kuliko hicho, kisha hufuata mkojo: mtu mzima wa kilo 60 anapaswa kutoa karibu mililita 30 kwa saa. Ndugu wanaweza kusaidia kwa kuweka mkojo kwenye chombo kimoja, wasiumwage.

Muuguzi ataosha tena. Kituo chenye karatasi za kupimia asidi kitaipima ngozi na jicho, kisubiri dakika kadhaa, kipime tena, kwa sababu asidi iliyozama hurudi juu. Dawa ya maumivu itolewe mapema, na sindano ya pepopunda isisahaulike. Jicho hupakwa mafuta ya antibayotiki, kwa kawaida tetrasaiklini. Kidonda hufungwa kwa kitu kisichonata. Kanuni hiyo ya kutonata haihitaji vitu vya ghali: mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, India, waliandika jinsi walivyofunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba, wagonjwa wakaumia kidogo wakati wa kubadilisha bandeji. Ila majani yale yalitakaswa kwa mvuke hospitalini; jani lililokatwa shambani likafungwa kidondani ni habari nyingine.

Rufaa ya kwenda hospitali kubwa isicheleweshwe kwa aliyeungua uso, jicho, mikono, nyayo, sehemu za siri au maungio, kwa mtoto na mjamzito, kwa aliyekunywa, na kwa yeyote mwenye ngozi iliyogeuka ngumu kama ya ngoma, nyeupe, ya kijivu au ya kahawia. Ngozi hiyo mara nyingi haiumi. Wengi hufurahi kwamba maumivu yameisha, kumbe neva zimekufa pamoja na ngozi. Safarini afunikwe apate joto, na mkono ulioungua uinuliwe. Akiwa na fahamu, na koo zima, anyweshwe maji yenye chumvi ya ORS kidogo kidogo.

Ngozi mpya kutoka pajani

Jeraha la asidi hudanganya macho. Siku ya kwanza linaweza kuonekana la juujuu, na baada ya siku kadhaa likajulikana ni la kina. Lililo la juu hujifunga lenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. La kina likiachwa lijifunge lenyewe hukaa miezi, hukaribisha vijidudu, na likifunga huvuta mwili kama uzi uliokazwa.

Ndiyo maana madaktari hupandikiza ngozi. Daktari Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, aliionyesha dunia mwaka 1970 kwamba ngozi iliyokufa ikikwanguliwa tabaka kwa tabaka katika siku za mwanzo hadi damu safi itokee, na ngozi mpya ikawekwa hapohapo, mgonjwa hupona haraka na kwa maumivu machache. Ngozi hiyo huchukuliwa ikiwa nyembamba sana, mara nyingi pajani kwa mgonjwa mwenyewe. Familia husikia "kuchunwa" na kuogopa. Paja hupona kwa takriban wiki mbili, na ngozi iliyopandikizwa hushika ndani ya siku tano hivi, mradi isisogezwe. Hivyo daktari akisema mkono usichezeshwe siku hizo, ina maana usichezeshwe hata kwa kumnawisha mgonjwa.

Mwili unaojenga ngozi hula sana. Mgonjwa asilishwe ugali na mchuzi mtupu. Ndagaa, maharage, mayai, karanga na sombe ni sehemu ya matibabu, na kwa hili pwani ya Fizi haina upungufu: samaki wamo mlangoni.

Mwaka mzima wa kunyoosha

Baada ya kidonda kufunga, wengi huaga hospitali wakidhani wamemaliza. Kovu ndiyo kwanza linaamka. Kwa miezi mingi hukua, huwasha, hukakamaa na kuvuta. Mkao unaompa mgonjwa raha ndio unaomlemaza: shingo iliyoinama kifuani, kwapa lililobanwa, kiwiko kilichokunjwa, vidole vilivyofumbata. Aliyeungua shingo alale bila mto, kitambaa kilichoviringishwa kikiwa chini ya mabega. Mkono wenye kwapa lililoungua utandazwe pembeni kama wa mtu apimwaye nguo. Vidole vifungwe vimenyooka juu ya kibao laini usiku, na mchana vifanyishwe kazi mara nyingi, kuanzia siku za mwanzo daktari anapoidhinisha.

Kovu lisuguliwe kwa vaselini mara kadhaa kwa siku, kwa shinikizo la kidole gumba, na lisipigwe na jua kali. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni muhimu kwa mvuvi. Katie Piper, mtangazaji wa Uingereza aliyemwagiwa asidi ya salfa London mnamo Machi 2008 na kutibiwa katika Hospitali ya Chelsea and Westminster, alivaa barakoa ya plastiki ya kubana kovu saa 23 kwa siku. Barakoa kama hiyo haipatikani Kazimia, lakini kanuni yake inafika: kovu la mkono au mguu likibanwa kwa bandeji ya kuvutika, kutwa na usiku kwa miezi, hulala chini. Bandeji isikaze mpaka vidole vife ganzi.

Mtoto anahitaji ufuatiliaji mrefu zaidi, kwa kuwa mifupa yake inakua na kovu halikui nayo. Mkono ulionyooka akiwa na miaka minne unaweza kukunjwa na kovu akiwa na saba. Arudishwe kwa daktari kila mwaka hata kama haumwi, na hata anapohamia ng'ambo, kama zilivyofanya familia nyingi za Fizi zilizokimbilia kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, karatasi zake za hospitali zisafiri naye.

Kope lisilofumba halingoji mwaka. Jicho linalolala wazi hukauka na kupofuka, kwa hiyo lipakwe mafuta yake usiku na mchana, na mwenyewe apelekwe kwa mpasuaji mapema.

Aliyemwagiwa kwa makusudi ana jeraha jingine. Nguo zake zisitupwe. Zitiwe kwenye chombo cha plastiki kama ushahidi, na cheti cha daktari kiombwe siku hiyohiyo. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege imejulikana kwa kuunganisha tiba ya mwili, ushauri wa moyo, msaada wa sheria na njia ya kujipatia riziki kwa wanawake waliotendewa ukatili, na utaratibu huo ndio anaouhitaji aliyeharibiwa uso. Bangladesh ilitunga sheria mbili mwaka 2002, moja ya kudhibiti uuzaji wa asidi na nyingine ya kuwaadhibu wanaoimwaga. Mashambulizi yaliyokaribia 500 mwaka huo yalishuka chini ya 100 kwa mwaka katika muongo uliofuata. Nyumbani, kazi inaanza na watu kumtazama usoni wanapomsalimu, kumrudisha kwaya au shuleni, na kutomwachia kona ya giza ya nyumba.

Mvuvi aliyepona atarudi ziwani, na betri itarudi naye. Safari hii ikae ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, limefungwa kamba kwenye ubavu wa chombo, mbali na mahali pa kukalia. Ikipungua maji iongezwe maji ya betri yasiyo na asidi. Anayechanganya asidi aitie asidi ndani ya maji, kamwe asitie maji ndani ya asidi, na macho yake yawe nyuma ya miwani. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Kibanda cha chaji kiwe wazi kwa upepo, bila sigara na bila jiko. Maji ya betri yasiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Na mlangoni pa kibanda hicho, kila asubuhi kabla ya betri ya kwanza kupokelewa, bidoni mbili za lita 20 zijazwe maji, vifuniko vyake vikiwa vimelegezwa.